SIFURI MBILI: HISTORIA YA KUPIMA HEDIFONI ZA KUPIMIA MASIKIO

Keti na wenzako wa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumza juu ya mizani, pishi na ratili. Leo tutazungumza juu ya kipimo ambacho hakionekani kwa macho wala hakishikwi kwa mkono, yaani kipimo cha sauti inayotoka katika hedifoni. Hedifoni ni vile vikombe viwili vya sauti vinavyovaliwa kichwani, kimoja kwa kila sikio. Vijana huvitumia kusikiliza muziki. Lakini vina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Mganga wa masikio akitaka kujua kama mtu ni kiziwi, na uziwi wake ni wa kiasi gani, humvika hedifoni. Kwa hiyo kama hedifoni ile imepimwa vibaya, mgonjwa naye atakuwa amepimwa vibaya, na ataandikiwa cheti kisicho cha kweli. Mfanyakazi aliyeharibiwa masikio na mashine aweza kukosa fidia yake. Mtoto asiyesikia vizuri aweza kurudishwa darasani akaitwa mvivu.

Tutaeleza jinsi mataifa mawili makubwa yalivyopima jambo moja, kila moja kwa uangalifu, yakapata majibu mawili yaliyo mbali, na jinsi mataifa yalivyopatana juu ya jambo hilo mwaka wa 1964.

Kurudiwa na kuaminika

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Lakini kulikuwa na kibaba cha tele, ambacho nafaka imerundikwa mpaka juu kama kichuguu, na kulikuwa na kibaba cha mfuto, ambacho nafaka imesawazishwa na ukingo. Chombo ni kile kile, lakini mnunuzi hapati kitu kile kile. Basi mfanyabiashara aliyepima mfuto siku zote alikuwa na kipimo kinachorudiwa: ukienda kwake leo, kesho na keshokutwa, utapata kiasi kile kile. Je, kilikuwa kipimo cha kweli? Hilo ni swali jingine. Kama kibaba chake kilikuwa kidogo kuliko vya wenzake, alikuwa akipunja kila siku kwa kiasi kile kile.

Hayo ndiyo mambo mawili. Kipimo kinachorudiwa ni kile kinachotoa jibu lile lile ukipima tena na tena. Kipimo kinachoaminika ni kile ambacho jibu lake lasema kweli juu ya kitu kinachopimwa. Kipimo kisichorudiwa hakiwezi kuaminika, maana hujui jibu lipi ulishike. Lakini kipimo chaweza kurudiwa mara elfu na bado kisiwe cha kweli. Tulishike neno hili, maana historia yote ya leo imejengwa juu yake.

Jinsi hedifoni zilivyofika kwa waganga

Simu ya Alexander Graham Bell ilipata hataza huko Marekani mwaka wa 1876. Ndani ya kipokezi cha simu kulikuwa na sumaku na bati jembamba. Umeme ukipita, bati hutetemeka, na hewa iliyo mbele yake hutetemeka pia. Hedifoni za kwanza zilikuwa vipokezi vya namna hiyo vilivyofungwa kwa ukanda wa kichwani. Mwaka wa 1910 fundi mmoja wa Utah, Nathaniel Baldwin, alianza kuwauzia wanamaji wa Marekani hedifoni alizoziunda kwa mikono yake nyumbani, ili ziwasaidie wapokeaji wa simu za upepo. Wakati huo swali lilikuwa moja tu: je, mwanamaji ataisikia sauti hafifu kutoka meli ya mbali? Kama aliisikia, ilitosha.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1922. Daktari wa masikio wa New York, Edmund Prince Fowler, pamoja na mtaalamu wa simu R. L. Wegel, walitoa chombo cha umeme cha kupimia usikivu. Chombo cha namna hii huitwa odiometa. Hutoa sauti moja safi, kama ya filimbi, na mpimaji huipunguza kidogo kidogo mpaka mgonjwa aseme, "Sasa siisikii." Alama iliyo karibu na hapo ndiyo huandikwa. Kisha hupimwa sauti nyingine iliyo nene zaidi au nyembamba zaidi. Unene na wembamba wa sauti huhesabiwa kwa idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Sauti ya mitetemo 250 ni nene. Ya mitetemo 4000 ni nyembamba.

Ukubwa wa sauti huhesabiwa kwa desibeli, jina lililotolewa kwa kumkumbuka Bell yule yule. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara 10. Desibeli 20 ni nguvu mara 100, na desibeli 30 ni mara 1000. Kwa hiyo mtu akisema, "Tumekosea desibeli 10 tu," usidhani amekosea kidogo.

Sasa, kila hesabu ina mahali pa kuanzia. Odiometa nayo ina sifuri yake. Sifuri ya odiometa haina maana kwamba hakuna sauti. Maana yake ni sauti ndogo kabisa ambayo mtu mwenye masikio mazima aweza kuisikia. Mtu akihitaji sauti iongezwe desibeli 40 juu ya sifuri ndipo aisikie, husemwa amepungukiwa kwa desibeli 40. Lakini huyo mtu mwenye masikio mazima ni nani? Ni nani aliyempima, wapi, na kwa hedifoni gani? Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Kikombe cha chuma

Kabla hatujafika kwenye ugomvi wenyewe, yafaa tujue hedifoni hupimwaje.

Huwezi kuweka hedifoni mezani na maikrofoni mbele yake ukasema umeipima. Hedifoni haikuundwa kujaza chumba kwa sauti. Imeundwa kujaza nafasi ndogo iliyo kati yake na kiwambo cha sikio. Nafasi hiyo ikiwa ndogo, mtetemo ule ule husukuma hewa kwa nguvu zaidi. Ikiwa kubwa, husukuma kwa nguvu kidogo. Ukiipunguza nafasi hiyo kuwa nusu, msukumo huwa karibu mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi. Na kama kuna mwanya kati ya mto wa hedifoni na kichwa, sauti nene hutoka nje kama maji katika mtungi wenye ufa, ilhali sauti za wembamba wa kati hubaki karibu vile vile.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitengeneza kikombe kigumu cha chuma chenye nafasi ya sentimita 6 za ujazo, zaidi kidogo ya kijiko cha chai, na chini yake maikrofoni. Hedifoni huwekwa juu ya kikombe na kukandamizwa kwa uzito maalumu, karibu nusu kilo, ili ikae sawasawa kila mara. Kikombe cha namna hiyo kilichotumika sana Marekani kilijulikana kwa jina la 9-A, nacho kilitoka katika ofisi ya serikali ya vipimo ya nchi hiyo.

Kikombe hicho kilikuwa na sifa moja kubwa: kilirudia. Chuma hakichoki, hakina nywele, hakivai miwani, wala hakijitikisi. Ukiweka hedifoni leo na ukiiweka tena mwezi ujao, utapata karibu jibu lile lile. Lakini kikombe hakikufanana na sikio. Sikio ni laini, lina mikunjo, na hedifoni ikikaa juu yake huacha mianya. Katika kikombe sauti nene zilibaki zote ndani. Juu ya kichwa cha mtu nyingine zilipotea. Kwa hiyo kikombe kilikuwa pishi, hakikuwa sikio. Pishi haidai kuwa tumbo la mlaji. Kazi yake ni kutuwezesha kusema, "Kiasi hiki, na kesho kiasi hiki hiki." Ili kujua kiasi gani kwa pishi kinamtosha mtu, hatuna budi kuwauliza watu.

Sifuri ya Marekani na sifuri ya Uingereza

Wamarekani waliwauliza watu kwanza. Katika miaka ya 1935 na 1936 idara ya serikali yao ya afya ya umma ilipima masikio ya maelfu ya watu katika miji kadhaa. Kazi ya kuyachambua majibu iliongozwa na W. C. Beasley. Wakachukua waliosema hawana taabu ya kusikia, wakatafuta kiwango cha kati cha usikivu wao, na kiwango hicho kikawa msingi wa sifuri. Mwaka wa 1951 shirika la viwango la Marekani likaitangaza sifuri hiyo kuwa rasmi kwa odiometa zote za nchi hiyo.

Mwaka uliofuata, wa 1952, Waingereza wakatoa kazi yao. Dadson na King walifanya uchunguzi katika maabara ya taifa ya fizikia iliyoko Teddington, karibu na London. Wheeler na Dickson walifanya wa kwao katika idara ya uganga ya jeshi la anga. Makundi haya mawili yalifanya kazi mbalimbali, lakini yalikubaliana vizuri. Kutokana na kazi hizo Uingereza ilitangaza sifuri yake mwaka wa 1954.

Sifuri hizo mbili zilipowekwa pamoja, hazikulingana. Sauti ambayo Waingereza waliiita ndogo kabisa ilikuwa ndogo kuliko ile ya Wamarekani kwa desibeli kama 10. Kwa hesabu ya Marekani, kijana wa Kiingereza mwenye masikio mazima angesemwa anasikia kupita kiasi cha binadamu. Kwa hesabu ya Uingereza, Mmarekani wa kawaida angesemwa ameanza kupungukiwa.

Ndugu msikilizaji, usifanye haraka kusema kwamba taifa moja lina masikio mazuri kuliko jingine. Wataalamu hawakusema hivyo. Walirudi nyuma wakachunguza jinsi kila upande ulivyopima, wakaona tofauti katika mambo matatu.

La kwanza ni watu waliochaguliwa. Waingereza walichagua vijana, wakayachunguza masikio yao, na kumwacha kila mwenye dalili ya ugonjwa. Wamarekani walipima umma mpana, na mtu asiyejua kwamba masikio yake yamepungua husema kwa moyo safi kwamba hana taabu. La pili ni mahali. Waingereza walipima katika vyumba vya maabara vilivyo kimya kabisa. Uchunguzi wa umma haufanywi katika kimya cha namna hiyo, na kelele kidogo ya nje hufunika sauti hafifu inayosikilizwa. La tatu ni namna ya kupima: jinsi mpimaji anavyoipandisha na kuishusha sauti, na jinsi msikilizaji alivyofundishwa kujibu. Mtu aliyefundishwa kujibu hata akiwa na shaka kidogo huonekana anasikia zaidi kuliko aliyeambiwa ajibu akiwa na yakini.

Tazama sasa. Kila upande ulikuwa na kipimo kinachorudiwa nyumbani kwake. Maelfu ya Wamarekani, na makundi mawili ya Waingereza yaliyokubaliana! Lakini wingi wa watu hauondoi kosa lililomo katika njia ya kupima. Ukipima magunia elfu kwa kibaba cha tele, hutapata mfuto hata mara moja.

Mapatano ya mwaka 1964

Shirika la viwango la mataifa, liitwalo ISO, lilichukua kazi ya kupatanisha. Lilikuwa na shida mbili: kupata sifuri moja ya binadamu, na kuifikisha sifuri hiyo kwa nchi ambazo kila moja ilikuwa na hedifoni yake na kikombe chake.

Mapatano yalitolewa mwaka wa 1964, katika waraka wa nambari 389. Sifuri mpya ilikuwa karibu na ile ya Uingereza. Tena waraka haukutoa orodha moja tu ya hesabu. Ulitoa orodha kwa hedifoni tano za nchi tano: Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Muungano wa Kisovieti, kila hedifoni pamoja na kikombe chake. Usikivu wa mtu ni mmoja, lakini hesabu inayosomwa katika kikombe hubadilika kwa kila hedifoni, kwa sababu kila hedifoni hukaa kwa namna yake juu ya sikio na kwa namna yake juu ya kikombe.

Fundisho hili ni kubwa. Hesabu ya desibeli haiwezi kusafiri peke yake. Lazima isafiri na jina la hedifoni, jina la kikombe, na jina la sifuri iliyotumika. Ukiziondoa hizo, imebaki tarakimu tupu. Kwa mfano, kiwango cha Marekani cha mwaka 1969, kilichofuata mapatano hayo, kilisema kwamba hedifoni iitwayo TDH-39 ikiwa juu ya kikombe cha 9-A, sifuri ya mtu ni desibeli 7 kwa mitetemo 1000, lakini ni desibeli 25.5 kwa mitetemo 250, na desibeli 45 kwa mitetemo 125. Hesabu hizo ni za hedifoni hiyo na kikombe hicho. Ukizitumia kwa hedifoni nyingine ya umbo jingine, umempima mgonjwa kwa pishi ya duka la jirani.

Desibeli 10 katika mfuko wa mfanyakazi

Labda mtu atauliza, "Haya ni maneno ya maabara. Yanamhusu nini mtu wa kiwandani?"

Sikiliza hesabu hii. Mwaka wa 1959 chama cha madaktari wa macho na masikio cha Marekani kilitoa kanuni ya kukadiria hasara ya usikivu. Kilisema: chukua vipimo vya mitetemo 500, 1000 na 2000, tafuta wastani, kama wastani haukuzidi desibeli 15, mtu huyo hana hasara ya kuhesabiwa katika mazungumzo ya kila siku. Desibeli 15 hizo zilihesabiwa kutoka sifuri ya mwaka 1951.

Sifuri ilipobadilika, alama za zamani na mpya zilitofautiana hivi: desibeli 14 kwa mitetemo 500, desibeli 10 kwa mitetemo 1000, na desibeli 8.5 kwa mitetemo 2000. Jumla ni 32.5, na wastani ni karibu 11. Basi yule mwenye alama 15 kwa hesabu ya zamani alikuwa na alama 26 kwa hesabu mpya, na masikio yake hayakubadilika hata kidogo. Ndiyo sababu mpaka wa kanuni ulihamishwa kutoka 15 kwenda 25 na kidogo.

Lakini katika miaka ile ya kuhama, odiometa za namna mbili zilikuwa zikitumika pamoja. Fikiri juu ya mfanyakazi aliyepimwa kwa odiometa ya zamani akapata alama 20. Kwa kanuni ya zamani amepita mpaka wa 15, na hasara yake yahesabiwa. Karani asiyetazama sifuri gani imetumika akimlinganisha na mpaka mpya wa 25, atasema hana kitu, aende zake. Masikio yake yameharibika kweli, na ni neno moja lililosahauliwa katika fomu lililomnyima haki. Mwenzake, aliyepimwa kwa odiometa mpya na kulinganishwa na mpaka wa zamani, angelipwa bila kustahili. Kwa hiyo fomu zilitakiwa kuandika wazi ni sifuri ipi.

Tena sheria ya kazi ya Marekani, kwa kanuni zilizokamilishwa mwaka wa 1983, humwona mfanyakazi kuwa amepatwa na badiliko la usikivu kama wastani wake wa mitetemo 2000, 3000 na 4000 umeshuka kwa desibeli 10. Desibeli 10 ndizo dalili za hatari, na desibeli 10 ndizo zilizotenga sifuri mbili. Hedifoni iliyopotoka kwa kiasi hicho yaweza kuzua ugonjwa usiokuwapo, au kuficha uliopo.

Kulitafuta sikio la bandia

Wakati huo huo kulikuwa na fumbo jingine. Mwaka wa 1952 Munson na Wiener, wa maabara za Bell, walitangaza jambo la ajabu. Waliona kwamba ili sauti nene ya hedifoni isikike sawa na sauti ya kipaza sauti kilicho mbali chumbani, msukumo ndani ya sikio ulihitaji kuwa mkubwa zaidi kwa desibeli kama 6. Sikio ni lile lile, msukumo haulingani! Watu wakaziita desibeli 6 zilizopotea. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba sehemu ya fumbo ilitokana na njia za kupima. Tena hedifoni ikifunika sikio, mngurumo wa mwili wenyewe, wa damu na wa misuli, hufungiwa ndani, ukafunika sauti nene zilizo hafifu. Ziba sikio lako kwa kiganja sasa hivi, nawe utausikia.

Mambo kama hayo yaliwafanya wataalamu watafute kikombe kinachofanana zaidi na sikio. Mwaka wa 1970 Josef Zwislocki, wa chuo kikuu cha Syracuse, alitoa kikombe chenye vijitundu vya pembeni vinavyoiga ulaini wa kiwambo cha sikio. Mwaka wa 1972 kampuni ya Knowles ilitoa sanamu ya kichwa na kiwiliwili iitwayo KEMAR, yenye masikio ya mpira na vipimo vya wastani vya watu wazima, wanaume na wanawake. Mwaka wa 1981 shirika la mataifa la mambo ya umeme lilitoa kiwango cha sikio la bandia, nambari 711, ambacho kimekuwa msingi wa vyombo vingi vya kupimia hedifoni.

Je, taabu ikaisha? Haikuisha, bali ilibadilika sura. Sikio la mpira hufanana zaidi na sikio la mtu, kwa hiyo lasema kweli zaidi. Lakini kwa kuwa ni laini, hedifoni ikisogezwa nusu sentimita jibu hubadilika, hasa katika sauti nene zinazovuja na katika sauti nyembamba sana. Tena sikio la namna ya 711 halikukusudiwa kusema kweli juu ya sauti nyembamba kupita mitetemo 10,000. Huko lina mwangwi wake lenyewe. Kikombe cha chuma kilirudia vizuri lakini hakikufanana na sikio. Sikio la mpira lafanana lakini hurudia kwa shida. Kinachopatikana upande mmoja hulipiwa upande wa pili. Mpimaji mwaminifu hupima, huivua hedifoni, huivalisha tena, hupima tena, mara tano au zaidi. Kisha huonyesha wastani, na huonyesha pia vipimo vyake vilitawanyika kiasi gani. Anayeonyesha mstari mmoja mzuri uliopimwa mara moja hajakuonyesha hedifoni. Amekuonyesha jinsi ilivyokaa dakika ile.

La kufanya

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 1,500 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Taarifa hiyo yasema usikivu wa kawaida ni chini ya desibeli 20. Ukiongeza au ukipunguza 10 kwa hedifoni mbovu, utaona ni watu wangapi watakaovuka mpaka huo bila masikio yao kubadilika.

Basi ukienda kupimwa, au ukimpeleka mtoto, unayo haki ya kuuliza kwa adabu. Uliza: Chombo hiki kilisawazishwa lini? Desturi nzuri ni kila mwaka. Uliza: Je, hedifoni hizi ndizo zilizosawazishwa pamoja na chombo hiki? Hedifoni zikiharibika na kubadilishwa, chombo hakina budi kusawazishwa upya. Vua miwani na hereni, ondoa nywele au kilemba kati ya mto na sikio, na umwache mpimaji mwenyewe akae hedifoni mahali pake. Kama chumba kina kelele, sema.

Na mpimaji anayo njia isiyo na gharama. Kila siku ya kazi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, na ampime mtu ambaye masikio yake yanajulikana, pengine mwenzake wa ofisini. Kama jana alipata 5 na leo amepata 20, lililobadilika huenda si sikio. Akague waya, mito na ukanda. Kanuni za Marekani zimefanya desturi hiyo kuwa lazima, nayo hutaka chombo tu na mtu mwenye subira.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Toeni mfano wa kipimo cha sokoni kinachorudiwa lakini hakiaminiki. Mnunuzi aweza kukigunduaje?
2. Kwa nini wingi wa watu waliopimwa Marekani haukutosha kuifanya sifuri yao ikubaliwe na mataifa?
3. Mfanyakazi ana cheti kilichoandikwa "desibeli 20" na hakuna neno jingine. Cheti hicho kimekosa habari gani?
4. Katika mahali penu pa kazi, ni chombo gani cha kupimia ambacho hakijasawazishwa kwa muda mrefu, na ni nani anayeumia kwa sababu hiyo?